Kombe Tulilolitwaa kwa Sare Mbili

Mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi, na aghalabu tumeitumia kuwakemea vijana wanaopenda mambo ya ng'ambo. Majuma machache yaliyopita nilikaribia kuitumia tena kwa shabaha hiyo hiyo, kabla ya kutanabahi kwamba mtumwa anayesemwa huenda ni mimi mwenyewe. Naomba msomaji anivumilie nieleze kisa hiki tangu mwanzo, kwa maana kinawahusu walimu wenzangu na wanafunzi wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili ya kutwa huku Eastlands, na kwa muda mrefu nimekuwa pia mlezi wa michezo. Niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu insha yenye anwani, "Siku ya Fahari Katika Historia ya Timu Niipendayo". Zilinifikia insha arobaini na saba. Nilizisoma kwa siku mbili, kalamu nyekundu mkononi. Manchester United ilitajwa, Arsenal ikatajwa, Chelsea na Barcelona kadhalika. Timu ya Kenya haikutajwa katika insha hata moja.

Iliyonishangaza zaidi ni insha ya kijana mmoja mpole anayeketi karibu na dirisha. Yeye aliandika juu ya Dinamo Zagreb, klabu ya Kroatia. Alieleza jinsi mnamo Machi 2021 timu hiyo, baada ya kufungwa mabao mawili kwa bila na Tottenham jijini London, ilivyorudi nyumbani na kuibwaga mabao matatu kwa bila, yote yakitiwa wavuni na Mislav Oršić. Hakukomea hapo. Alikumbusha kwamba mwaka 1963 klabu hiyo ilifika fainali ya kombe lililoitwa la Miji ya Maonyesho ikashindwa na Valencia, na kwamba mwaka 1967, miaka minne tu baadaye, ilifika tena fainali na kulitwaa kombe hilo mbele ya Leeds United: mabao mawili kwa bila Zagreb, kisha sare tasa Uingereza. Insha ilikuwa nzuri. Nilimpa alama za juu, kwa haki.

Siku ya kurudisha madaftari nilimsifu mbele ya wenzake, kisha nikaanza kunoa ulimi kwa ile methali ya mkataa kwao. Kabla sijaitamka, kijana akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Nilitaka kuandika juu ya timu ya hapa kwetu, lakini sikujua la kuandika. Je, sisi tumewahi kutwaa kombe lolote la Afrika?"

Darasa zima lilinitazama. Na hapo ndipo ulimi wangu ulipopata uzito, kwa sababu nimewafundisha vijana hao tangu Kidato cha Kwanza, na katika muda huo wote sijawahi kuwaambia.

Nilichukua chaki nikaandika ubaoni hesabu mbili tu. Tunis: Espérance 2, Gor Mahia 2. Nairobi, tarehe 5 Desemba 1987: Gor Mahia 1, Espérance 1. Kisha nikawauliza ni nani aliyetwaa kombe. Wakajumlisha haraka: tatu kwa tatu. Mmoja akasema ni lazima penalti zilipigwa. La hasha, hazikupigwa. Kwa kanuni ya wakati ule, jumla ya mabao ilipolingana, timu iliyofunga mabao mengi zaidi ugenini ndiyo iliyohesabiwa mshindi. Gor walikuwa wamefunga mawili Tunis. Watunisia walifunga moja tu Nairobi. Kwa hiyo Kombe la Washindi wa Afrika, ambalo siku hizo liliitwa Kombe la Mandela, wakati Mandela mwenyewe akiwa bado kifungoni, lilibakia Nairobi. Timu yetu haikushinda mchezo wowote kati ya miwili ya fainali, na ikawa bingwa. Hadi leo ninapoandika, ndiyo klabu pekee ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara zima.

Niliona macho yao yakibadilika. Walitaka kujua zaidi. Nikawaambia kwamba nahodha aliitwa Austin Oduor, na kwamba bao la Nairobi lilitiwa wavuni na Peter Dawo, mshambulizi aliyekuwa tishio la walinda lango wa bara hili mwaka ule. Nikawaambia kwamba baada ya matokeo kuwa moja kwa moja, bao moja tu zaidi la wageni lingegeuza furaha yote kuwa matanga. Hesabu ile kila mtu aliyekuwa na redio aliijua.

Mimi nilikuwa mvulana wa darasa la sita wakati huo, na tulisikiliza mchezo kupitia Sauti ya Kenya katika redio ya jirani yetu mtaani Makongeni. Jirani huyo alikuwa shabiki sugu wa AFC Leopards, yaani Ingwe, na kwa kawaida Gor ikicheza alifunga mlango wake. Siku ile aliufungua, akaitoa redio barazani, akatuketisha watoto wote wa ploti chini ya miguu yake. Mama mmoja alipomtania kwamba leo amehamia kwa mahasimu, alijibu, "Mama, leo hakuna Gor wala Ingwe. Leo ni sisi na Waarabu." Sikuyaelewa maneno hayo kikamilifu wakati ule, na huenda hata hayakuwa maneno ya uungwana kwa wageni wetu. Lakini nilielewa kwamba mtu mzima alikuwa amekubali kuiweka kando chuki yake ya kila Jumapili kwa ajili ya jambo kubwa kuliko chuki hiyo.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana historia isiyotaja kushindwa ni sifa tupu. Gor hiyo hiyo ilifika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 1979. Canon Yaoundé ya Kamerun ilikuja Nairobi ikaifunga mabao mawili kwa bila, kisha nyumbani kwake ikaongeza sita. Jumla mabao manane kwa nunge. Ni aibu ambayo wengi wangependa isahauliwe. Mimi naona ifundishwe pamoja na ushindi wa 1987, kwa sababu kati ya hayo mawili ilipita miaka minane ya kazi: Gor ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1980 na 1981, na tena 1985, huku Leopards ikilitwaa mwaka 1979 na mara tatu mfululizo kuanzia 1982 hadi 1984. Mahasimu hao wawili walinoana kama visu viwili. Kijana wa Dinamo akaona mara moja: 1963 kushindwa, 1967 kutwaa, 1979 kushindwa, 1987 kutwaa. "Kumbe tunafanana nao, Mwalimu," akasema. Naam, tulifanana nao.

Kisha akauliza swali la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike makala haya.

"Hao wachezaji walijifunzia wapi mpira?"

Nilianza kumjibu kwa wepesi. Nikamweleza kwamba mitaa yetu ya zamani haikujengwa bila nafasi. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilipangwa nyumba zake zikizunguka viwanja vya nyasi, ukumbi wa jamii ukiwa katikati. Bahati, Makongeni, Shauri Moyo, Ziwani na Jericho kila mmoja ulikuwa na mahali ambapo jioni ungekuta vumbi likitimka na watoto wakikimbizana na mpira wa karatasi na nailoni. City Stadium, kando ya Barabara ya Jogoo, ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na mtoto aliyeshindwa kulipa kiingilio alijua mti gani wa kupanda. Vipaji vilipita kutoka kiwanja cha mtaa hadi timu ya shule, kutoka timu ya shule hadi timu ya kampuni au klabu, na kutoka hapo hadi timu ya taifa.

Nilipokuwa nikisema hivyo, macho yangu yaliangukia dirishani, na nikanyamaza. Nje ya dirisha hilo ndipo ulipokuwa uwanja wa shule yetu.

Nasema ulipokuwa. Serikali ilipoamuru kwamba kila mtahiniwa wa darasa la nane ajiunge na kidato cha kwanza, idadi ya wanafunzi wetu iliongezeka kupita kiasi. Tulihitaji madarasa, na madarasa yakajengwa mahali palipokuwa na lango la upande wa mashariki. Hilo sikulilaumu na silaumu hata leo. Mtoto hawezi kusomea chini ya mti wakati wa masika. Lakini baadaye likaja pendekezo jingine. Sehemu ya uwanja iliyopakana na barabara ijengwe vibanda vya kupangisha, ili kodi yake isaidie kukarabati vyoo na maabara. Tuliitwa mkutanoni tutoe maoni. Mimi, mlezi wa michezo, niliketi kiti cha pili kutoka mlangoni. Niliulizwa kwa jina kama nina la kusema. Nikajibu kwamba sina.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza mara nyingi. Vyoo vilikuwa vibovu kweli. Maabara ilikuwa na vichomeo vitatu vya gesi kwa wanafunzi wote. Niliogopa kuonekana mtu anayethamini mpira kuliko afya na masomo. Tena, nitakiri, nilikuwa nimechoka. Kupeleka timu mashindanoni kwa matatu bila posho huchosha. Uwanja ukipungua, kazi yangu nayo ingepungua. Vibanda vikajengwa. Kodi ilikuja, vyoo viwili vikakarabatiwa, na maabara ingali ilivyokuwa.

Ndiyo maana nasema methali ile ilinigeukia. Nilitaka kuwakemea watoto kwa kutojua kwao, ilhali mimi sikuwapa historia yao, na mahali ambapo wangeweza kuiendeleza historia hiyo nilipatoa kwa kimya changu. Kibanda kimoja kati ya hivyo vilivyojengwa, msomaji mpendwa, ni cha kuonyesha mpira wa Ulaya kwa runinga. Wanafunzi wangu hulipa kuingia humo kutazama kandanda mahali palepale ambapo kaka zao waliicheza bure.

Najua nitajibiwa. Yuko atakayesema kwamba kipaji hakihitaji uwanja. Atanitajia Luka Modrić, ambaye utotoni, familia yake ikiwa imeyakimbia makao yao kwa vita vilivyozuka mwaka 1991, alipiga mpira katika maegesho ya magari ya hoteli mjini Zadar. Ni kweli. Lakini hoja hiyo huishia katikati ya kisa. Kutoka maegesho hayo mtoto yule alichukuliwa na klabu ya mji ule, akapewa makocha na kiwanja. Kisha Dinamo ikamchukua ikamlea, hata alipouzwa Tottenham mwaka 2008 alikuwa amekwisha kukomaa. Maegesho yalimtunzia hamu. Ufundi aliupata kiwanjani. Nchi yenyewe ina watu wasiofikia milioni nne, ambao ni wachache kuliko wakazi wa jiji la Nairobi peke yake waliohesabiwa mwaka 2019, nao walikuwa zaidi ya milioni nne na laki tatu. Hata hivyo nchi hiyo ilicheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2018. Haiwezekani kwamba Mungu amewajalia vipaji wao akatunyima sisi.

Mwingine atasema kwamba tatizo letu ni viongozi wa kandanda, fedha na siasa za klabu, wala si viwanja vya shule. Hayo nayakubali kwa sehemu kubwa. Klabu zetu zimeumizwa na ufisadi, migogoro na ukata. Lakini tazama majirani zetu. Villa ya Uganda ilifika fainali ya klabu bingwa ya Afrika mwaka 1991. Simba ya Dar es Salaam ilifika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, na ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025. Watani wao Yanga walifika fainali mwaka 2023, wakafungwa Dar es Salaam mabao mawili kwa moja na USM Alger, wakaenda Algiers wakashinda moja kwa bila, na kombe likawaponyoka kwa kanuni ile ile ya mabao ya ugenini iliyotupa sisi furaha mwaka 1987. Wao hawajalitwaa kombe, lakini wanabisha hodi. Gor ilibisha mwaka 2019: iliitandika Zamalek ya Misri mabao manne kwa mawili huku Kasarani, ikafika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, kisha Berkane ya Moroko ikaitoa kwa jumla ya mabao saba kwa moja. Hodi moja katika kizazi kizima haitoshi. Na kiongozi wa klabu, hata awe mwaminifu kama malaika, hawezi kumsajili mchezaji ambaye hakupata mahali pa kujifunza kupiga krosi.

Wala si lazima tutafute mifano mbali. Mwaka ule ule wa 1987, hapa hapa Eastlands, kilianzishwa huko Mathare chama cha michezo cha vijana kijulikanacho kama MYSA. Watoto walicheza ligi, na timu ilipewa pointi pia kwa kuzoa taka za mtaa wao. Kutokana na mpango huo ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, timu iliyotwaa kombe la taifa mwaka 1998 na 2000, na ubingwa wa ligi mwaka 2008. Watoto waliopewa uwanja na nidhamu walilipa deni hilo kwa vikombe.

Tena tunayo mifano ya ujasiri. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, wengine wadogo kabisa, walirushiwa vitoa machozi walipoandamana dhidi ya ukuta uliojengwa kuwatenga na uwanja wao. Ukuta uliangushwa na uwanja ukarudi shuleni. Na kabla ya hapo, mwaka 2004, ripoti ya Tume ya Ndung'u ilikuwa imekwisha kuonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini. Watoto wale wa Lang'ata walipiga kelele uwanja wao ulipochukuliwa kwa nguvu. Wa kwetu ulichukuliwa kwa adabu, kwa kura ya mkutano na chai ya saa nne, na mwalimu wa michezo hakusema neno.

Basi nina mambo matatu ya kuwaomba walimu wenzangu, wala hakuna hata moja linalohitaji fedha.

La kwanza, tuifundishe historia hii. Fainali ya 1987 ni somo la hesabu, la jiografia na la insha kwa wakati mmoja. Tuwatume wanafunzi wakawahoji wazee wa mitaa yao: nani alikuwa Kasarani siku ile, nani alisikiliza redio, nani alicheza na nani. Wazee hao wanatutoka. Joe Kadenge, nyota wa Abaluhya United, alifariki mwaka 2019, na wengi wa rika lake huenda bila daftari lolote kuandikwa.

La pili, kila shule iijue mipaka yake. Mwulize mwalimu mkuu wako kama shule ina hatimiliki, na kiwanja kimeandikwaje katika ramani. Kiwanja kisicho na karatasi ni cha yeyote atakayekitamani.

La tatu, ukiulizwa mkutanoni kama una la kusema, useme. Hata ukishindwa kwa kura, kumbukumbu za mkutano zitaonyesha kwamba palikuwa na sauti.

Baada ya kipindi kile nilitoka nje pamoja na yule kijana, tukaupima uwanja uliobaki kwa hatua. Kandanda kamili ya kimataifa huhitaji urefu usiopungua mita mia moja na upana wa mita sitini na nne. Sisi tulihesabu hatua zangu hamsini na mbili kwa thelathini. Tulipofika pembeni, ukuta wa nyuma wa vibanda ulikuwa umegusa mstari. Kijana akasimama pale, akaweka jiwe dogo chini kana kwamba ni mpira, akarudi nyuma kutafuta nafasi ya kukimbilia. Mgongo wake ukagonga ukuta.

"Mwalimu," akasema, "hapa kona inapigwaje?"

Sikuwa na jibu. Mkutano ujao wa walimu na bodi uko karibu, na ajenda imekwisha kubandikwa. Kipengele cha tano ni maombi ya kuongeza vibanda vinne. Safari hii nimeomba kwa maandishi nipewe nafasi ya kuzungumza. Nitakwenda na zile hesabu mbili za 1987, na zile hatua hamsini na mbili kwa thelathini. Huenda nikashindwa. Lakini kandanda ya nyumbani kwetu imenifundisha kwamba hata sare, ukiilinda hadi kipenga cha mwisho, yaweza kukupa kombe.